Bandikuti Kwenye Pindo za Miji

Bandikuti ni mnyama mdogo wa Australia na kisiwa cha Guinea Mpya. Umbo lake linamkumbusha mtazamaji panya buku, na pua yake imechongoka kama ya sange, lakini hana udugu na yeyote kati ya hao wawili. Ni mnyama wa mfuko, wa kundi moja pana na kangaruu na koala, na jike lake hulea watoto ndani ya kifuko kilichoko tumboni. Jina lake limetoka mbali. Kwa Kitelugu, lugha ya India, pandi-kokku ni “panya-nguruwe”, yaani panya mkubwa wa mashambani. Waingereza waliolizoea jina hilo huko India walilipachika kwa mnyama mwingine kabisa walipofika Australia, kwa sababu tu alifanana na yule wa kwanza kwa mbali. Kosa hilo limemgharimu bandikuti. Hadi leo mkazi wa kitongoji anayeona kivuli kikikatiza ukoka usiku hudhani ni panya, na asubuhi hutafuta sumu.

Aina za bandikuti zilizo hai ni takribani 20, na nyingi kati yake ziko Guinea Mpya. Zinazoishi jirani na miji mikubwa ya Australia ni chache. Sydney ina bandikuti wa pua ndefu. Brisbane ina bandikuti wa kahawia wa kaskazini, ambaye hapo bado ni mnyama wa kawaida wa bustani za nyumbani. Kandokando ya Melbourne na kwenye vilima vya Adelaide yuko bandikuti wa kahawia wa kusini. Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, ina bandikuti wa milia wa mashariki. Perth ina quenda, jina la Wanoongar, wenyeji asilia wa pembe ya kusini-magharibi ya Australia. Mswahili akilisikia atadhani ametajiwa kitenzi.

Ramani ya waliosalia na waliotoweka ina jambo la kushangaza. Bandikuti wa miguu ya nguruwe, aliyeishi katika nyika kavu za ndani ya bara, ametoweka. Kielelezo chake cha mwisho kilichohifadhiwa ni cha mwaka 1901. Bandikuti wa jangwani naye ametoweka. Bandikuti wa milia wa magharibi, aliyewahi kuenea kusini mwa bara, alibaki kwenye visiwa viwili tu vya Shark Bay, Bernier na Dorre. Huko walikoangamia watu ni wa kuhesabika. Sydney na Perth zina mamilioni ya watu, mbwa, paka na magari, na bandikuti bado wanachimba humo. Kinachoamua uhai wao, basi, si umbali kutoka kwa binadamu peke yake. Ni mahali pa kujificha, kasi ya kuzaa, na nani anawawinda.

Mwili wa mchimbaji

Bandikuti wengi wa mijini wana uzito wa kati ya nusu kilo na kilo moja na nusu, ingawa dume kubwa la bandikuti wa kahawia wa kaskazini hupita kilo 2. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo mnyama huyu akitembea hurukaruka kidogo, na akishtuka hutimka mbio za ghafla zenye kona kali. Miguu ya mbele ndiyo jembe lake: ina kucha ndefu na imara za kufukulia udongo. Kwenye mguu wa nyuma vidole viwili, cha pili na cha tatu, vimeshikana kwa ngozi na kuacha kucha mbili zilizo sambamba, ambazo mnyama hutumia kama kitana cha kuchana manyoya na kung’oa wadudu.

Hutoka usiku. Mchana hulala katika kiota kisicho na fahari yoyote: kishimo kifupi juu ya ardhi, kilichofunikwa kwa nyasi na majani makavu, kikiwa chini ya kichaka kizito. Mtu anaweza kupita hatua mbili kutoka kwenye kiota asione kitu zaidi ya rundo la takataka za miti. Kila bandikuti huishi peke yake. Madume hawavumiliani, na mgeni hufukuzwa kwa kucha na meno. Eneo la mnyama mmoja ni hekta chache tu, na palipo na chakula kingi hupungua zaidi. Uwezo huu wa kutosheka na eneo dogo ni sababu mojawapo ya yeye kudumu kwenye kipande cha msitu kilichozungukwa na nyumba, mahali ambapo kangaruu mkubwa asingeweza.

Hachagui sana chakula. Hula mabuu ya mbawakawa, nyungunyungu, buibui, nyenje, mizizi laini, mbegu, na aina za kuvu zinazokua chini ya ardhi na kunukia kwa pua inayojua kunusa. Hunusa kwanza, kisha huchimba wima, akaingiza pua na kutoa alichokifuata. Alama inayobaki ni shimo la umbo la pia, jembamba, lenye kina cha sentimita 10 hivi. Mwenye bustani anayeamka na kukuta mashimo 20 kwenye ukoka wake hukasirika, na si ajabu. Lakini mara nyingi kilichofuatwa humo ni buu lililokuwa likitafuna mizizi ya ukoka huohuo.

Kazi hiyo ina uzito wake katika ardhi. Watafiti wa Australia Magharibi walikadiria kwamba quenda mmoja huchimba mashimo kama 45 kwa siku, na kwa mwaka hupindua takribani tani 3.9 za udongo. Udongo wa kichanga wa Perth una tabia ya kuyakataa maji: baada ya kiangazi utando wa nta zitokazo kwenye majani yaliyooza hufunika chembe za mchanga, na mvua ya kwanza huteleza juu badala ya kuzama. Shimo la quenda huvunja utando huo. Maji hupata njia, majani makavu na mbegu hujikusanya ndani, na mbolea hutengenezeka chini ya kivuli. Miche ya tuart, mkaratusi mkubwa wa pwani ya Perth, imeonekana kukua vizuri zaidi katika udongo uliochimbuliwa na quenda. Tena kuvu zile anazokula hupita tumboni mwake mbegu zao zikiwa hai, zikasambazwa kwa kinyesi hadi kwenye mizizi ya miti inayozihitaji. Msitu wa mjini uliopoteza wachimbaji wake bado huonekana wa kijani kwa miaka mingi, huku sakafu yake ikizidi kuwa ngumu na kavu.

Siku 12 na nusu

Mimba ya bandikuti wa pua ndefu, na ya bandikuti wa kahawia wa kaskazini, huchukua siku 12 na nusu hivi. Panya wa nyumbani, anayesifika kwa kuzaa haraka, huhitaji siku 20 hivi. Mimba ya bandikuti ni miongoni mwa mimba fupi kuliko zote kwa wanyama wanaonyonyesha. Kitoto huzaliwa kikiwa na uzito wa robo gramu na urefu wa sentimita moja na kidogo, kipofu, bila manyoya, lakini mikono yake ya mbele ikiwa na nguvu ya kujikokota hadi kwenye kifuko. Tofauti na wanyama wengi wa mfuko, bandikuti ana kondo la nyuma linaloshikamana vyema na tumbo la uzazi, na kamba ya kitovu hubaki imeunganishwa wakati kitoto kikisafiri, kama kamba ya usalama ya mpanda mnazi. Mlango wa kifuko umeelekea nyuma, kwa hiyo mama akichimba udongo hauwaingii watoto.

Jike ana chuchu nane, ilhali kwa kawaida huzaa watoto wawili hadi wanne. Hesabu hii ina maana. Watoto hukaa kifukoni siku 50 hivi, na kuachishwa ziwa wakifikia siku 60 na kitu. Jike anaweza kupandwa tena watoto wakiwa na siku 50 hivi. Siku 12 baadaye, wakati uzao wa kwanza unaondoka, uzao wa pili unaingia. Chuchu zilizonyonywa zimerefuka na kuvimba, na kitoto kipya hakiwezi kuzishika, hivyo hutumia zile nyingine zilizopumzika. Chakula kikiwapo jike mmoja huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na mabinti zake huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi minne hivi.

Kasi hii hufanana na utajiri, na kwa upande mmoja ndivyo ilivyo. Kipande cha msitu kilichoungua au kufyekwa hujaa tena upesi kikipata jirani wa kukijaza. Lakini bandikuti haishi muda mrefu, miaka miwili au mitatu tu, na wengi hufa kabla ya kukomaa. Aina yenye maisha mafupi haina akiba ya wazee wa kungojea mwaka mwema. Ukame wa misimu miwili, ukiambatana na mbweha wawili watatu waliohamia karibu, unaweza kufuta kundi zima bila mtu kugundua, maana hakuna mizoga inayoonekana. Ni mashimo tu yanayokoma kutokea kwenye ukoka.

Mbweha na paka

Mbweha mwekundu wa Ulaya aliletwa Australia na walowezi waliotaka kumwinda kwa farasi na mbwa. Kufikia miaka ya 1870 alikuwa amekita mizizi Victoria, na katika miongo iliyofuata akaenea karibu bara zima, isipokuwa ukanda wa joto wa kaskazini. Bandikuti alikuwa amezoea kuwindwa na bundi, chatu na dingo. Hakuwa amezoea mwindaji anayenusa kiota kilichofichwa, anayezaa kwa wingi, na anayeua zaidi ya anachokula. Tasmania, ambako mbweha hakufanikiwa kujiimarisha, ndiko aina mbili za bandikuti za kisiwa hicho zilikodumu hata kwenye malisho ya ng’ombe na vitongoji vya Hobart.

Paka anadhuru kwa njia mbili. Ya kwanza ni meno: watoto waliotoka kifukoni hivi karibuni wana ukubwa wa windo linalomfaa. Ya pili haionekani. Kinyesi cha paka hubeba kijidudu cha toksoplasma, ambacho hubaki hai udongoni kwa miezi. Mnyama anayeingiza pua ardhini usiku kucha na kumeza nyungunyungu hukutana nacho mapema. Bandikuti wa milia wa Tasmania waliougua wameonekana wakizunguka mchana kweupe, wakiyumba, bila woga wa watu wala magari. Mtu asiyejua hufurahi kwamba mnyama huyo amezoea binadamu.

Australia Magharibi ina silaha ambayo asili yenyewe iliiandaa. Mimea kadhaa ya huko ya jenasi ya Gastrolobium ina sumu ya fluoroaseteti, na wanyama wa eneo hilo, quenda akiwamo, wameivumilia kwa maelfu ya vizazi. Mbweha na paka hawana kinga hiyo. Chambo chenye sumu ileile, iitwayo 1080, hutupwa kwenye misitu ya jimbo hilo ili kuwapunguza mbweha, na mpango mkubwa wa serikali ulianzishwa mwaka 1996. Karibu na nyumba, hata hivyo, chambo hicho hakitupwi ovyo, kwa kuwa mbwa wa kufugwa hufa kwa sumu hiyo kwa urahisi. Kwa hiyo pindo la mji hubaki mahali pagumu zaidi kumdhibiti mbweha, wakati ndipo anapopata mabaki ya jikoni ya kumnenepesha.

Kichaka kibaya

Kusini-mashariki mwa Melbourne palikuwa na kinamasi kikubwa cha Koo Wee Rup. Kilikaushwa tangu karne ya 19 ili kupata mashamba, na leo ni nchi tambarare ya mboga, malisho na mitaro. Mtaalamu wa mimea asilia akipita huko ataona uharibifu mtupu. Bandikuti wa kahawia wa kusini, ambaye sheria ya shirikisho imemworodhesha tangu mwaka 2001 kuwa hatarini kutoweka, anaishi humo: kwenye kingo za mitaro, kandokando ya barabara na reli, katika mikanda ya majani yenye upana wa mita chache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Deakin walichapisha mwaka 2018 matokeo yaliyoonyesha kwamba mikanda hiyo iliyojaa magugu ya kigeni haikuwa makazi duni kwa bandikuti kuliko vipande vya msitu wa asili vilivyokuwa karibu. Waliipa makala yao kichwa chenye onyo: makazi yasihukumiwe kwa ugeni wake.

Kilichowaweka hai ni blakiberi, mmea wa miiba kutoka Ulaya ambao wakulima wa Australia wanauchukia kwa haki. Matawi yake hutambaa na kufungamana hadi chini kabisa, na mbweha hawezi kupenya bila kuumia. Kwenye vilima vya Mount Lofty, juu ya Adelaide, hali ni hiyohiyo. Watunza hifadhi walijifunza kwamba kufyeka blakiberi lote kwa mara moja, kwa nia njema ya kurudisha mimea ya asili, ni kumvua bandikuti nguo katikati ya uwanja. Sasa hufyekwa vipande vipande, na kipande kinachofuata hakiguswi mpaka vichaka vya asili vilivyopandwa badala yake vimeshikana hadi usawa wa goti.

Hapa ndipo mgogoro mkubwa wa bandikuti na mji ulipo, nao hausemwi vya kutosha. Mji unapenda usafi wa macho. Halmashauri hufyeka kingo za barabara, mwenye nyumba hukata matawi ya chini ili aone uzio wake, kampuni ya ujenzi hupanda miti mirefu juu ya ukoka uliolingana na kuita mahali hapo bustani ya wanyamapori. Ndege wa juu ya miti hufaidika. Kwa bandikuti, ambaye dunia yake yote iko kati ya ardhi na nusu mita, bustani ile ni uwanja wa kifo.

Rasi ya North Head na nyumba za zamani

Kwenye mlango wa bandari ya Sydney, juu ya majabali, kuna rasi ya North Head. Kuanzia miaka ya 1830 hadi 1984 ilikuwa na kituo cha karantini cha abiria wa meli, na baadaye jeshi nalo lilikuwa na shule ya mizinga huko. Kwa sababu ya matumizi hayo rasi haikujengwa nyumba kama vitongoji vingine, na mimea yake ya pwani ilibaki. Bandikuti wa pua ndefu walibaki nayo, wametengwa na wenzao kwa kitongoji cha Manly. Mwaka 1997 jimbo la New South Wales liliorodhesha kundi hilo dogo kuwa lililo hatarini kutoweka, ingawa aina yenyewe kwa jumla ni ya kawaida kwenye pwani ya mashariki. Hatua hiyo ya kisheria inafaa kuangaliwa na nchi nyingine: inakubali kwamba kundi la mahali pamoja lina thamani yake, hata kama ndugu zao wako wengi mbali.

Adui mkubwa wa North Head amekuwa gari. Barabara moja hupanda hadi kwenye rasi, na bandikuti hula kwenye ukoka uliokatwa kando yake, kwa kuwa huko wadudu hupatikana kwa urahisi. Mabango ya kuwataka madereva wapunguze mwendo yamewekwa, na idadi ya wanyama hufuatiliwa kwa mitego ya kukamata na kuachia. Ukubwa mdogo wa rasi ni hatari kwa namna nyingine pia. Oktoba 2020 moto uliowashwa kwa makusudi ili kupunguza majani makavu ulipata upepo, ukatoka nje ya mipaka iliyopangwa na kuunguza sehemu kubwa ya vichaka. Kwenye msitu mkubwa mnyama hukimbilia bonde jingine. Kwenye rasi, nyuma yake kuna bahari.

Kundi la pili la Sydney linashangaza zaidi. Kwenye mitaa ya ndani ya magharibi, karibu na Dulwich Hill, kilomita chache kutoka katikati ya jiji, bandikuti waligunduliwa wakiishi kati ya nyumba za zamani na njia ya reli ya mizigo. Waliorodheshwa mwaka 2008. Huko hakuna msitu. Mchana hulala chini ya sakafu za mbao za nyumba zilizojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, zilizoinuliwa juu ya nguzo fupi na kuacha upenyo wa kutosha mnyama wa kilo moja. Usiku huingia kwenye nyua na viwanja vya michezo. Nyumba hizo sasa zina bei kubwa, na mnunuzi mpya hukarabati: huziba upenyo, humwaga zege uani, huweka uzio uliogusa ardhi. Hakuna sheria inayovunjwa, na kila mwaka mahali pa kulala hupungua.

Barabara, kalavati na kupe

Barabara hutenganisha makundi na kuyaacha yazaliane ndani kwa ndani. Dawa iliyojaribiwa ni njia za chini. Kusini mwa Brisbane, Compton Road ilipopanuliwa karibu na msitu wa Karawatha, ilijengewa daraja la wanyama lenye udongo na miti pamoja na njia za chini, na bandikuti ni miongoni mwa waliopita humo. Perth nako quenda wamepigwa picha wakipita kwenye kalavati zilizowekwa chini ya barabara kuu ya kusini. Kamera hizohizo zilionyesha mbweha wakitumia njia ileile. Kalavati tupu yenye sakafu ya zege humnyima quenda pa kujibanza. Magogo, mawe na vichaka kwenye midomo yake humpa nafasi, na bila hivyo fedha nyingi za ujenzi zinaweza kuishia kumchongea mwindaji njia ya mkato.

Kwenye vitongoji vya kaskazini mwa Sydney bandikuti ana kesi nyingine ya kujibu, nayo ni kupe. Kupe wa kupoozesha wa pwani ya mashariki ana mate yenye sumu inayoweza kumuua mbwa, na kuumwa naye kumehusishwa na mzio mkali wa nyama nyekundu, jambo lililobainishwa na madaktari wa Sydney yenyewe. Bandikuti hubeba kupe hao bila kuugua sana, kwa hiyo baadhi ya wakazi hutaka aondolewe. Hofu yao si ya kupuuzwa. Mzazi aliyemkuta kupe nyuma ya sikio la mtoto ana haki ya kuogopa. Lakini kupe huyo hunyonya pia damu ya posamu, panya, mbwa, paka na ndege. Bandikuti akiondoka, kupe hupanda mwingine, na mara nyingi huyo ni panya mweusi aliyeletwa na meli. Kinachomlinda mtu ni kukagua ngozi baada ya kutoka bustanini, kuvaa mikono mirefu, na kumpaka mbwa dawa.

Kwa mkazi anayetaka bandikuti wabaki, kazi ni ndogo. Upenyo wa sentimita 10 au 15 chini ya uzio humruhusu kupita kutoka ua mmoja hadi mwingine bila kukanyaga barabara. Vichaka vya chini vinavyogusa ardhi, vilivyopandwa karibu karibu kwenye kona moja, vinatosha kwa kiota. Paka hulala ndani, mbwa hafunguliwi usiku. Sumu ya panya iachwe, kwa kuwa bandikuti huila moja kwa moja. Chakula cha mezani nacho asipewe: mkate humfanya azoee mlango wa jikoni, na humvuta mbweha pia.

Magari mabovu ya Hamilton

Bandikuti wa milia wa mashariki aliwahi kuwa mnyama wa kawaida kwenye tambarare za udongo wa volkano magharibi mwa Victoria. Nyika hizo zililimwa au kulishwa kondoo karibu zote, mbweha akamaliza kilichobaki, na kufikia miaka ya 1980 kundi la mwisho la bara lilikuwa ndani na kandokando ya mji mdogo wa Hamilton. Waliishi kwenye bustani, kwenye kingo za kijito, na kwenye dampo la mji, ambako mabodi ya magari mabovu yaliyotupwa yaliwapa vyumba vya chuma ambavyo mbweha hakuweza kuingia. Skrepa ilifanya kazi iliyokuwa ya nyasi ndefu.

Mwaka 1988 wachache walianza kukamatwa ili wazalishwe kizuizini. Wa kwanza kurudishwa waliachiwa kwenye hifadhi ya Woodlands, jirani na uwanja wa ndege wa Melbourne, ndani ya uzio. Walistawi, kisha ukame, kangaruu waliomaliza nyasi, na mbweha waliopenya vikawaangusha. Hamilton yenyewe ikawapoteza bandikuti wake wa porini. Mwaka 2013 jimbo la Victoria liliwaorodhesha kuwa wametoweka porini kwenye bara.

Wakati huo uamuzi ulikuwa umegeukia visiwa. Bandikuti waliachiwa Churchill Island mwaka 2015, kisha Phillip Island mwaka 2017 baada ya mbweha wa mwisho kuondolewa, na French Island mwaka 2019. Vyote viko karibu na Melbourne, na Phillip Island hupokea watalii wengi wanaokuja kuwaona pengwini. Damu ya ndugu zao wa Tasmania ilichanganywa kwenye kundi la uzazi ili kurudisha nguvu iliyopotea kwa kuzaliana ndani kwa ndani. Mashambani, mbwa wa Maremma waliofunzwa kulinda kondoo dhidi ya mbweha walipewa kazi ya kuwalinda bandikuti pia, bila uzio. Mwaka 2021 mnyama huyo alitolewa kwenye orodha ya waliotoweka porini na kuwekwa kwenye ya walio hatarini. Hamilton nayo imezungushia uzio ardhi ya jamii pembeni ya mji, na ndani yake bandikuti wa milia wameachiwa tena kuchimba.